Osa Johnson, mwanamke wa ndege yenye milia aliyeacha alama Ituri na Alimbongo

Tarehe 12 mwezi wa kwanza mwaka 1937, ndege ya abiria iliyotoka Salt Lake City kuelekea Burbank, karibu na Los Angeles, iligonga mlima kando ya Newhall, katika jimbo la California. Mawingu yalikuwa chini na mvua ilikuwa ikinyesha. Ndani walikuwemo bwana na bibi waliojulikana Marekani nzima, Martin na Osa Johnson. Bwana alikufa kesho yake. Bibi alitolewa akiwa hai, mguu ukiwa umeumia vibaya.

Miaka mitatu tu mbele ya hapo, wawili hao walikuwa wamemaliza kuzunguka Afrika kwa ndege zao wenyewe, ndege mbili za namna ambayo leo karibu haionekani tena: zinatua juu ya udongo, zinatua pia juu ya maji. Moja ilipakwa milia ya punda milia, nyingine madoa ya twiga. Walizipitisha juu ya maziwa yenye upepo na mamba, wakazipandisha hadi kwenye vilele vyenye barafu, wakarudi kwao wazima. Ndege iliyowaangusha haikuwa yao, na usukani haukuwa mikononi mwao.

Katika Kivu na Ituri jina la Osa Johnson halisemi kitu kwa watu wengi. Hata hivyo alipita huku, alikaa miezi katika msitu wa Wambuti, na sokwe wawili wakubwa waliotolewa milimani Alimbongo, katika territoire ya Lubero, waliondoka inchini pamoja naye na bwana yake. Hawakurudi.

Binti wa reli

Osa Helen Leighty alizaliwa tarehe 14 mwezi wa tatu mwaka 1894 huko Chanute, mji mdogo wa Kansas, katikati ya Marekani. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli. Hakuna kitu katika utoto wake kilichoonyesha kwamba angefika mbali kuliko mwisho wa reli hiyo.

Mwaka 1910, akiwa na miaka 16, aliolewa na Martin Johnson, kijana wa miaka 25 aliyekulia Independence, si mbali na pale. Martin alikuwa na habari ya kusimulia. Mwaka 1907 alikuwa amepanda merikebu ndogo ya mwandishi Jack London, iitwayo Snark, akichukuliwa kama mpishi ingawa kupika hakukujua, na akafika hadi visiwa vya Bahari ya Kusini. Aliporudi alizunguka na picha zake mji kwa mji, akiwaonyesha watu kwa malipo. Osa aliingia katika maonyesho hayo akiimba nyimbo za Hawaii. Kwa miaka kadhaa hiyo ndiyo iliyokuwa riziki yao: jukwaa, hoteli za bei rahisi, treni, na mji mwingine.

Mwaka 1917 walisafiri pamoja kwenda visiwa vya Solomon na New Hebrides, inchi inayoitwa leo Vanuatu. Katika kisiwa cha Malekula walizuiliwa na watu wa chifu mmoja na wakaponea chupuchupu. Picha za siku hiyo ndizo zilizowafungulia mlango wa sinema. Kisha wakaenda Borneo mwaka 1920, na mwaka 1921 wakatia mguu Afrika kwa mara ya kwanza, wakipitia Kenya.

Tangu hapo kazi yao iligawanyika kwa namna isiyobadilika. Martin alizungusha mkono wa kamera. Osa alisimama kando yake na bunduki, akimtazama mnyama, tayari kupiga kama mnyama angekuja juu yao. Alikuwa mwanamke mfupi, mwembamba, aliyependa nguo nzuri, na watazamaji wa Marekani walipenda kumwona akiwa hivyo mbele ya kifaru. Nyuma ya picha hiyo kulikuwa na kazi nyingine ambayo sinema haikuonyesha sana. Ni yeye aliyewinda nyama ya kula, akalima bustani ya mboga na kupanga mizigo ya msafara. Kati ya 1924 na 1927 waliishi karibu miaka minne juu ya mlima Marsabit, kaskazini mwa Kenya, kando ya ziwa dogo walilolibatiza jina la Paradise. Mfadhili mmoja wa safari hiyo alikuwa George Eastman, mwenye kampuni ya Kodak, ambaye alikuja kuwatembelea mwaka 1926. Matokeo yalikuwa filme ya Simba, iliyotoka mwaka 1928.

Mwaka huo huo wa 1926 rafiki yao Carl Akeley, wa makumbusho ya historia ya asili ya New York, alipiga nao filme za simba huko Tanganyika, kisha akaendelea na safari yake kuja Kongo. Alifia huku. Kaburi lake liko Kabara, kwenye mteremko wa Mikeno, ndani ya hifadhi ya Virunga ambayo yeye mwenyewe aliwasukuma Wabelgiji kuiunda mwaka 1925.

Ituri na Alimbongo

Zamu ya Kongo kwa akina Johnson ilifika katika safari ya 1929 hadi 1931. Sinema ilikuwa imeanza kusema, na wao walileta mashini za kurekodi sauti, mzigo mzito uliosukumwa kwa malori katika barabara za udongo. Waliingia Ituri, wakajenga kambi, wakakaa kwa miezi na Wambuti.

Filme yao, Congorilla, ilitoka mwaka 1932 na ilitangazwa kama ya kwanza kuwa na sauti zilizorekodiwa Afrika yenyewe. Sauti hizo leo ni hazina: nyimbo za msituni, ngoma, mazungumzo ya watu ambao vitukuu vyao wako hai. Lakini ndani ya filme hiyo hiyo mzee wa Kimbuti anapewa sigara nene avute mpaka alewe, watu wazima wanapewa vipira vya kupuliza ili mtazamaji wa Marekani acheke, na Osa anawachezesha muziki wa jazi. Alionekana kuwapenda kweli, na hakuna haja ya kumnyima hilo. Ila mtu anaweza kumpenda mwenzake na papo hapo kumfanya kichekesho, na Wambuti ndio waliolipa garama ya kicheko hicho kwa miaka mingi, kila mara mgeni alipokuja na kamera akitafuta tena yale aliyoyaona kwenye sinema.

Kisha wakashuka kusini, kwenye milima ya Alimbongo, magharibi mwa ziwa Edouard, kutafuta sokwe wakubwa. Sehemu hiyo ilikuwa nje ya hifadhi. Sokwe wawili wadogo walipanda mti wakikimbia, miti ya jirani ikakatwa ili wasipate pa kurukia, na mwisho mti wenyewe ukaangushwa. Walikamatwa, wakasafirishwa, na mwaka 1931 wakafikishwa katika bustani ya wanyama ya San Diego, California. Mmoja aliitwa Mbongo. Mwingine aliitwa Ngagi, jina ambalo mtu wa Kivu hahitaji kutafsiriwa: ni sokwe mwenyewe aliyepewa jina la sokwe.

Kwa muda ilidhaniwa kwamba ni dume na jike na kwamba wangezaa. Walikuwa madume wote wawili. Walikua hadi kupita kilo 250 kila mmoja, wakawa fahari ya mji ule, na watu waliwatazama kwa maelfu. Mbongo alikufa mwaka 1942, Ngagi mwaka 1944.

Mtumbwi wenye mabawa

Barabara za Kenya na Kongo ndizo zilizowafanya wafikirie ndege. Kusukuma lori katika tope kunamaliza siku, na mnyama anayesikia lori kutoka mbali haingoji. Mwaka 1932, wakiwa Kansas, Osa na Martin walijifunza kurusha ndege katika uwanja wa Chanute, mji alikozaliwa Osa. Alikuwa na miaka 38. Wanawake marubani walikuwa wachache, na wale waliotaka kwenda kurukia mahali pasipo na uwanja walikuwa wachache zaidi.

Walinunua ndege mbili za fundi Igor Sikorsky, Mrusi aliyehamia Marekani. Kubwa, S-38, ilikuwa na moteri mbili za Pratt & Whitney, kila moja yenye nguvu ya farasi zaidi ya 400. Hiyo ndiyo waliyoipaka milia na kuiita Osa's Ark, yaani Safina ya Osa. Ndogo, S-39, yenye moteri moja, ilipata madoa ya twiga na jina la Spirit of Africa, Roho ya Afrika. Ndani ya Safina viti vya abiria viliondolewa, vikawekwa vitanda viwili, jiko dogo na mahali pa kunawia. Ile ndogo ilitengenezewa nafasi ya kamera kwenye pua. Rangi zile zilikuwa matangazo ya sinema, bila shaka, na yalikuwa matangazo mazuri.

Mwanzoni mwa mwaka 1933 ndege zilisafirishwa kwa meli kutoka New York hadi Cape Town. Huko ziliunganishwa, kisha zikaruka kupanda kaskazini hadi Nairobi. Pamoja nao walikuwa marubani wawili wenye kazi hiyo: Vern Carstens wa Chanute, na Boris Sergievsky, aliyekuwa akijaribu ndege mpya za kampuni ya Sikorsky. Osa hakujidai kuwa angeweza yote peke yake, na katika ndege za namna ile, hiyo ilikuwa akili.

S-38 haifanani na ndege ambayo mtoto angechora. Tumbo lake ni mtumbwi, wenye kichwa na kitako kama mtumbwi. Juu ya mtumbwi huo limewekwa bawa refu la karibu metre 22, limeshikwa na vyuma vingi, na chini yake bawa jingine fupi. Moteri zinaning'inia katikati, karibu na vichwa vya abiria. Mkia hauungani na tumbo, unakuja nyuma juu ya miti miwili. Marubani walitania kwamba ni vipande vya ndege mbalimbali vilivyokubaliana kusafiri pamoja.

Kuirusha kutoka majini ni kazi ya mikono na ya macho. Ndege iliyo ziwani haina breki. Moteri ikiwaka tu, inaanza kwenda, na upepo unavuta pua yake upande unaotaka upepo. Kwa sababu hiyo magurudumu ya S-38 yalikuwa na faida hata majini: rubani aliweza kushusha moja tu, likaburuta ndani ya maji kama kasia, na ndege ikageukia upande huo.

Akisha kuelekea upepo, anafungua moteri zote. Kelele inajaa chumba hadi watu hawasikilizani. Kwa sekunde za kwanza haoni kitu, kwa kuwa maji yanayorushwa na pua yanafunika kioo. Mtumbwi unalima ziwa, mzito, kana kwamba hautaondoka kamwe. Kisha kidogo kidogo unainuka, unaacha kulima na kuanza kuteleza juu ya uso wa maji, na kila wimbi linagonga chini kama nyundo juu ya bati. Magongo hayo yanakuwa ya haraka zaidi na zaidi. Halafu yanakoma ghafula. Hiyo ndiyo alama kwamba imeruka. Masikio yanajua mbele ya macho.

Kutua kuna hila yake. Mtu wa kando ya Kivu au Tanganyika angefikiri kwamba ziwa lililotulia kama kioo ndilo zuri. Kwa rubani wa ndege ya maji ndilo baya kuliko yote, kwa sababu linaonyesha mbingu na jicho halijui tena uso wa maji uko wapi, metre 10 chini au metre 1. Rubani anatafuta ukingo, mtumbwi wa mvuvi, chochote cha kumpimia, au anashuka polepole sana bila kuamini macho yake. Na kabla ya yote anajiuliza swali moja mara mbili: magurudumu yako wapi? Ukitua majini nayo yakiwa chini, yanashika maji na ndege inapinduka kichwa mbele. Ukitua uwanjani yakiwa juu, mtumbwi unakwaruza mawe. Ndege ya inchi kavu inakusamehe kusahau upande mmoja. Hii ina pande mbili za kusahau.

Afrika iliongeza ya kwake. Kambi yao kubwa ilikuwa Nanyuki, chini ya Mlima Kenya, kwenye urefu wa karibu metre 1,900 juu ya bahari. Hapo hewa ni nyembamba, moteri inapumua vibaya na bawa linabeba kidogo, na jua la mchana linaongeza shida, kwa hiyo asubuhi na mapema ndiyo saa ya kazi. Katika ziwa Rudolf, ambalo leo ni Turkana, upepo unavuma kwa nguvu hadi hema zinang'oka, na ndege iliyofungwa ufukweni inapigwa usiku kucha. Kiboko hatoki njiani. Gogo lililozama nusu linaweza kupasua tumbo la mtumbwi. Na popote waendapo, esanse ilipaswa kuwa imetangulia, mapipa kwa mapipa, kwa njia zile zile za udongo walizotaka kuzikimbia.

Si kwamba ukanda huu ulikuwa haujaona ndege za maji. Mwaka 1916, wakati wa vita ya kwanza ya dunia, jeshi la Wabelgiji lilifikisha chache, kwa vipande, hadi ziwa Tanganyika, zikaruka kutoka upande wa Kalemie ya leo kwenda kupiga mabomu Kigoma, iliyokuwa mikononi mwa Wajerumani. Zile zilikuja kuua. Za akina Johnson zilikuja kutazama.

Na walitazama. Walipiga filme Mlima Kenya na Kilimanjaro kutoka angani, wakapiga makundi ya tembo na twiga wakikimbia chini yao, na ndege wa ziwani wakiinuka kwa maelfu kama vumbi jekundu. Leo watu wameshazoea picha hizo. Mwaka 1934 walioziona walikuwa wachache. Kwa hesabu yao wenyewe walitembea maili 60,000 hewani, yaani karibu kilometa 96,000. Filme ya safari hiyo, Baboona, ilitoka mwaka 1935.

Filme hiyo ina kasoro moja ambayo haikosi kuonekana ukiitazama baada ya Congorilla. Kutoka juu, mnyama ni mgongo unaokimbia kelele, na mtu haonekani kabisa. Ituri iliwataka wakae miezi, wajue nani ni nani. Ndege iliwapa bara zima, na muda mfupi wa kukaa na mtu yeyote.

Miaka ya peke yake

Mwaka 1935 walipeleka ndege ndogo Borneo, imebadilishwa jina kuwa The Spirit of Africa and Borneo, na kwa zaidi ya mwaka mmoja mto Kinabatangan ulikuwa uwanja wao. Walirudi Marekani mwishoni mwa 1936, wakaanza mizunguko ya kuzungumza mbele ya watu. Ndipo ikaja safari ya Newhall.

Osa alikuwa na miaka 42. Mikataba ya mihadhara ilikuwa imesainiwa kwa majina mawili, na deni halingojei kidonda kupona. Aliendelea na mizunguko akiwa katika kiti cha magurudumu. Kabla mwaka 1937 haujaisha alikuwa amerudi Afrika ya Mashariki, kuongoza msafara wa kupiga picha za nje kwa ajili ya filme ya Stanley na Livingstone, iliyotoka mwaka 1939. Mwaka 1940 kitabu chake cha maisha yao, I Married Adventure, kilikuwa kati ya vitabu vilivyouzwa sana Marekani, na mwaka huo kikafanywa filme, naye akiigiza kama yeye mwenyewe. Wengine walimsaidia kuandika, jambo ambalo wachapishaji hawakulisema kwa sauti.

Aliolewa tena, na Clark Getts aliyekuwa akisimamia mihadhara yake. Ndoa hiyo ilivunjika mwaka 1949. Filme za zamani zilikatwa vipande na kuonyeshwa upya kwenye televisheni, na watoto waliozaliwa nyuma ya kifo cha Martin wakamjua Osa akiwa kijana daima, bunduki mkononi. Alikuwa akipanga safari nyingine ya Afrika alipokufa kwa ugonjwa wa moyo mjini New York, tarehe 7 mwezi wa kwanza mwaka 1953. Alizikwa Chanute, penye bwana yake.

Makumbusho yao yalifunguliwa katika mji huo mwaka 1961, na mama ya Osa alikuwa kati ya waliotoa vitu vya kuyaanzisha. San Diego kuna sanamu za shaba za Mbongo na Ngagi, ndani ya bustani walimokufa.

Kuhusu Sikorsky S-38, zilitengenezwa 101 tu, na chumvi, vita na kutu vilizimaliza. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mafundi wa Owatonna, katika jimbo la Minnesota, walijenga upya mbili wakifuata michoro ya zamani. Moja waliipaka milia ya punda milia. Wanaorusha ndege za namna hiyo leo wanaanza siku kama walivyoanza watu wa 1933: mbele ya kuwasha moteri, mtu anainama, anafungua vizibo vya tumbo la mtumbwi, anatazama ni maji kiasi gani yameingia usiku.